Tuta Mbele ya Nyumba

Jumapili, 8 Januari 1950
Mawe kumi na manne leo. Yote pamoja hamsini na sita, nimeyapaka chokaa aliyonipa Bakari, jirani yangu mwashi. Mgongo unaniuma vibaya. Tuta limekaa sawasawa: hatua tatu urefu, moja upana, nimeliinua mvua isizoe mbegu. Linafuata jua, mashariki hadi magharibi. Upande mmoja nimesimamisha kibao cha namba ya nyumba. Wazungu wa shamba la karanga wanazo bustani za namna hii. Na mimi karani wa stoo, niishi kama niko kambini? Mke wangu Somoe ananitazama kutoka barazani, mkono tumboni. Mimba ina miezi saba. Mbili za kwanza hazikufika huko.

Jumatano, 11 Januari
Chupa arobaini za bia kutoka jalalani. Nimezichimbia kichwa chini, kando ya njia, huku na huku. Jua likizipiga zinang'aa. Nimefurahi mpaka naona aibu kuandika.
Somoe siku hizi anapitia mlango wa uani. Nimemuuliza kulikoni. Ati amezoea tu.

Jumamosi, 14 Januari
Balaa. Mama mkwe kaja kutoka Malolo kumwangalia mwanawe. Kafika barabarani, kasimama na mzigo kichwani. Kuingia hataki. Hasemi nami ana kwa ana, ndiyo heshima ya ukwe huku kwetu, kwa hiyo akamwambia mke wa Bakari, nami nasikia:
"Hebu mwulize mwenye nyumba, hapo amemzika nani?"
Bakari akacheka. Nikasema ni bustani ya maua jamani, ni maua!
"Tuta refu kama mtu. Mawe meupe. Kibao kichwani. Na limelala vile vile tunavyolaza maiti. Mwanangu ana mimba. Anamchimbia nani?"
Nilichemka. Mbele za watu! Nikapaza sauti kwamba hii ni nyumba yangu na sitaki upuuzi wa washamba. Nilitamka hivyo hivyo, washamba. Somoe akatokea uani na khanga zake kikapuni, hakuniaga. Wamekwenda zao.

Jumatatu, 16 Januari
Mbegu zimeota. Sina raha nazo.

Jumapili, 22 Januari
Wiki nzima nakula muhogo wa kuchoma. Bakari kaniambia nivunje, nikamfuate mke wangu, nisijitie kichwa kigumu kwa ajili ya maua. Nikamjibu sivunji ng'o. Mimi si mtoto.

Alhamisi, 26 Januari
Leo nikitoka stoo nimelitazama tuta kutoka barabarani, pale pale aliposimama mama mkwe. Manyunyu, mwanga hafifu. Nililiona kama alivyoliona yeye. Tangu hapo silioni tena vingine.

Jumamosi, 28 Januari
Nimevunja. Miche ilikuwa imeanza kushika, nimeing'oa yote. Mawe yako nyuma ya banda la kuku, kibao nimekigongomea ukutani. Nimesawazisha kwa jembe, nikapiga maji, nikafagia. Chupa nimeziacha. Kesho nakwenda Malolo. Nitamwomba radhi mama mkwe kupitia kwa mtu, nitapiga magoti ikibidi.

Jumanne, 31 Januari
Nimechelewa. Lori lilikwama kwenye tope, nikamalizia kwa miguu. Nikawakuta wanawake wamekaa barazani. Mtoto alizaliwa Ijumaa. Wa kike. Hakulia.
Wamemzika wenyewe. Mtoto asiyelia wanaume hatuitwi, wala hatuonyeshwi mahali. Hata Somoe hapajui, alikuwa hajiwezi. Nilimkuta amegeukia ukutani. Hakunitazama. Mama mkwe alinipita kajifunika uso. Afadhali angenitukana.
Najua tuta la udongo haliui mtu. Nimesoma, najua. Lakini alizaliwa Ijumaa, na mimi nilivunja Jumamosi.
Wamesema Somoe abaki kwanza. Nimerudi peke yangu.

Ijumaa, 17 Februari
Kazini, nyumbani. Mvua. Nimetuma sukari na sabuni Malolo. Hakuna jibu.

Jumapili, 12 Machi
Somoe karudi. Kaletwa na mamaye. Mama mkwe safari hii aliingia uani, akanywa maji, akaondoka. Somoe amekonda. Anafagia, anapika, anapitia mlango wa mbele. Akifika palipokuwa na tuta anapazunguka, ingawa ni tambarare. Hata mimi napazunguka, nimejigundua leo.
Jina la mtoto hatukuwahi kulitaja. Sijui kama Somoe alikuwa nalo moyoni. Mimi nilikuwa nalo.

Jumamosi, 18 Machi
Asubuhi kaniuliza mawe niliyatupa wapi. Nikamwonyesha. Kayaleta kwa karai, machache machache. Akayapanga pale pale, lakini si urefu ule. Kiasi cha mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mawe kumi na moja.
Akainua udongo kidogo katikati kwa viganja. Kisha akaniita nimletee maji. Nikaleta, akapamwagia.
Alasiri amekaa karibu napo, anachambua mboga. Mimi niko barazani. Chokaa imebanduka kwenye mawe. Kesho nitamwomba Bakari nyingine.