Filamu Aliyoisifu Mgeni Rasmi

Mabatini, Mwanza

Dada Koku,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na barua yako imenifikia. Mguu wa Mama unaendeleaje? Hukuugusia.

Umeniagiza nimwambie mdogo wetu Deo asije Bukoba Krismasi, kwa sababu anaishi na mwanamume mwenzake, Masanja, fundi redio, na majirani wameshajua. Kabla sijakujibu, nikusimulie kazi niliyotumwa na gazeti Jumamosi.

Mwalimu mmoja Mfaransa alionyesha filamu ya kwao ukumbini. Vijana wawili wa kiume wa kijiji kimoja wanapendana. Hakuna bunduki, hakuna anayekimbia. Mmoja anamtoa mwenzake kibanzi kiganjani, polepole, macho yake kwenye kidonda. Mwenzake anamtazama usoni. Basi. Nimeandika habari nusu ya umri wangu, sijawahi kusema mengi kwa machache hivyo.

Wakubwa wa mji walisonya tangu mwanzo. Hakuna aliyeondoka, maana harufu ya pilau ilishaingia. Mgeni rasmi alifika filamu imekwisha, taa zikiwashwa, akasoma hotuba aliyoandikiwa ofisini: "Filamu hii yenye maadili mema ionyeshwe katika kila shule." Wakampigia makofi. Waliosonya ndio walioanza.

Jumatatu mgeni rasmi akanijia ofisini.

"Bwana mwandishi, andika kwamba niliilaani."

"Mzee, sauti yako ninayo kwenye kaseti."

"Sasa unataka watu wanioneje?"

Nikakukumbuka wewe, Dada. Nawe hukuuliza Deo anakula nini wala anaumwa nini. Umeuliza watu watatuonaje. Malaria ilipomlaza mwezi uliopita, Masanja ndiye aliyemkanda kwa maji na kumnywesha uji wiki nzima. Wewe uliyemlea ukatuma barua hii. Yule mheshimiwa angalau hakuwa ameitazama filamu. Wewe Deo unamjua tangu anatambaa.

Ujumbe wako sitaufikisha. Tunakuja watatu. Masanja ameshamnunulia Mama khanga. Tukikuta mlango umefungwa, tutarudi na meli ileile, na wewe mwenyewe utamweleza Mama kwa nini wanawe wa kiume wamefika Bukoba bila kumwona.

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji katekista, na shangazi mkaanga senene: mwambie atubakizie sahani tatu.

Mdogo wako,
Rwegasira