Bolti Niliyoikaza Juu ya Rangi

Muzee wangu,

Gari yako inawaka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: hata huko uliko, ungeuliza gari kwanza, halafu ndipo watu. Taa zote mbili zinawaka na hazitetemeki tena. Jana asubuhi dereva wetu Kasereka aliipandisha Kibati ikiwa na mifuko ya chumvi, kuelekea Rutshuru, kwa sababu wiki hii wanasema njia imefunguka. Wiki ijayo hatujui.

Mkeo, Mama Kavira, hajambo. Anakula. Anafukuza kila mtu anayekaa kwenye kile kiti chako cha tairi, hata padri alifukuzwa.

Sasa niseme lililonileta. Nina wivu, Papa. Ningekuambia ukiwa hai, lakini ulikuwa na dawa yako: mtu akianza kulalamika, unawasha injini.

Miaka tisa nilikaa kwako. Bahati alikaa miwili. Wiki tatu kabla hujatuacha, mbele ya karakana nzima, ukatoa kwenye mfuko wa shati ule ufunguo wako wa bolti, spana ya kumi na tatu, uliofungwa mpira mwekundu kwenye mpini wake, ukampa yeye. Sisi wa kazi hii tunajua maana yake. Mwalimu hatoi ufunguo wake wa mfukoni kama zawadi ya Noeli. Anasema: huyu amemaliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono imejaa grisi, ukaniona ninavyoangalia, ukasema, "Weye Kahindo, una yako."

Kweli nina yangu. Nilijinunulia, kama nilivyojinunulia kila kitu, mpaka kibanda changu cha umeme wa magari hapa Mabanga. Siku ile nilicheka na wengine. Nikafika nyumbani nikaponda sombe, yale majani ya muhogo, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Na si ufunguo peke yake. Ni yale makelele. Bahati ulimpigia kelele kila siku ya Mungu. "Bahati! Hii ni kiungo ya waya ao ni kiota ya ndege?" Unafungua alichofunga, unamwonyesha, unamrudisha. "Kwaruza mupaka uone sura yako!" Mtu mzima, baba wa watoto wawili, aliyetoka Rutshuru na godoro kichwani, anakwaruza chuma kama mtoto wa shule huku wewe umesimama nyuma yake. Mimi ulinifungulia viungo mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, miaka minane, sifuri. Ulikuwa unapita, unatikisa kichwa, unakwenda kunywa chai. Nilijiambia: ni kwa sababu mimi ni mwanamke, haoni faida ya kunisumbukia. Nilijiambia mengine pia, siyaandiki.

Basi sikiliza habari ya taa.

Mwezi uliopita Kasereka alisema amechoka kuendesha na zile ampuli zako za zamani, balbu za taa, kwamba ukungu wa kule juu ukishuka anaona pua ya gari tu. Za zamani zilikuwa wati arobaini na tano kila moja, njano kama chai ya maziwa. Bahati akatafuta za wati mia, akaweka. Siku ya kwanza mwanga ulikuwa kama Pasaka. Siku ya tatu zikaanza kukonyeza. Zinafifia, zinarudi, zinazimika kabisa, zinarudi. Unajua barabara ile na vizuizi vyake. Kasereka alifika kwenye kizuizi jioni, taa zikakonyeza mara tatu mbele ya askari. Askari wakafikiri anampa mtu ishara porini. Walimshusha, wakamlaza kwenye mawe, bunduki shingoni, mpaka mmoja wao akasogelea taa na kuona zinacheza zenyewe. Aliporudi alimtupia Mama Kavira ufunguo wa gari miguuni. "Mama, mutafute mutu mwengine. Mie siendeshe gari yenye inasema na basoda."

Mama akanipigia simu. Nisamehe, Muzee: nilifurahi. Nilifunga kibanda kabla hajamaliza kueleza.

Nikafika, sikufungua hata kifuniko. Nikasema mbele ya wote: ni ampuli za Bahati. Nikatoa namba, unanijua kwa namba. Gari ya volti ishirini na nne, taa mbili za zamani zinakula ampea zisizofika nne. Hizi mbili mpya zinakula zaidi ya nane. Waya za umri huu zitaungua, na gari itaungua, na dereva ndani yake. Kila namba niliyosema ilikuwa ya kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo, kwa sababu sikuwa nimepima kitu. Nilizitumia kama mawe.

Mama Kavira anaogopa moto tangu ule wa sokoni. Akamwambia Bahati aondoke kufikia Jumapili. Si kazini tu. Unakumbuka ulimpa ile stoo ya vipuri alale na watoto, kwa sababu kwao hakurudiki. Hakubisha. Alisimama na kitambaa chake mkononi, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Yaya, umepima?"

Ananiita Yaya, dada mkubwa, ingawa ananizidi umri, kwa sababu nilimtangulia kazini. Na swali lile ni lako, Papa. Lilitoka kinywani mwake na sauti yako. Ningemzaba kofi.

Kwa hiyo nikapima, ili nimnyamazishe. Nikafunika mbele ya gari kwa ile shitingi, turubai la kambini, ulivyotufundisha kutengeneza giza saa sita mchana, nikaingia chini yake na kipimo. Betri, ishirini na nne na nukta sita. Kwenye taa, upande wa umeme unaoingia, ishirini na nne na nukta mbili. Njia nzima ilikuwa imepoteza nukta nne tu. Bahati alikuwa ameweka rele, ile swichi ya kubeba umeme mwingi, na waya nene. Nikafungua viungo vyake kimoja kimoja nikitafuta uchafu. Vilikuwa saba. Saba vyote vinang'aa kama meno ya mtoto. Sijawahi kukasirishwa na kazi nzuri namna ile.

Ikabaki masi, ule waya mmoja unaorudisha umeme wa taa zote mbili kwenye chuma cha gari. Nikaweka kipimo kati yake na chuma. Pale panatakiwa kusoma karibu na sifuri. Palisoma mbili na nukta tisa, na namba inacheza. Nikagusa bolti, ikaniunguza kidole.

Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi ya kahawia.

Rangi ile naijua. Na wewe unaijua. Ni ya geti lenu. Wakati ule wenye bunduki walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa wakibeba kila gari inayotembea, ukaniambia, "Hii tunaiuwa sisi wenyewe, mbele bao baibebe." Tukatoa magurudumu, tukatoa taa, nikachanganya oili chafu na rangi iliyobaki, nikapaka kila mahali ambapo kutu ingependa kukaa. Walipokuja, mmoja aliipiga teke. "Hii maiti, muizike," akasema, wakaenda. Tulicheka mpaka ukakohoa, Papa, mpaka ukashika ukuta.

Mtaa ulipotulia ukaniambia nirudishe taa. Nikarudisha. Masi nikaikaza juu ya rangi. Sikukwaruza. Labda nilichoka, labda nilikuwa nimeshajiona fundi, sikumbuki. Meno ya washa, ile pete ya chini ya bolti, yaliuma rangi kidogo, yakapitisha umeme wa kutosha taa ndogo. Kwa taa ndogo pale pangepoteza volti moja na kidogo tu, nimepiga hesabu. Ndiyo maana zilikuwa njano. Uliziwasha, ukaziangalia, ukapapasa boneti, ukasema, "Macho ya huyu mama yamezeeka," ukaenda kunywa chai.

Hukufungua. Miaka sita uliendesha na kosa langu, na hukufungua kwa sababu lilikuwa langu.

Nilikaa chini ya shitingi ile, kwenye joto lake, na bolti mkononi. Kila kiungo cha Bahati ulikifungua mpaka ukafa, ndiyo maana hivi saba ni safi. Changu kimoja ulikiamini. Sijui nifurahi au nikugombeze. Ningependa kuchagua mwenyewe, Papa. Ningechagua makelele.

Sasa sehemu ya aibu. Nilikwaruza haraka, nikakaza, nikatoka. Zikawaka, zimetulia. Kasereka akapiga makofi: "Muzee hajakufa!" Mama akapiga vigelegele. Wakadhani nimesafisha kosa la Bahati, na mimi nikawaacha wadhani. Nikapokea sifa zote, nikaenda nyumbani nazo. Kesho yake nilipita, Bahati anafunga sufuria zake kwa kamba. Nikapita tena. Binti yake mdogo alinisalimia.

Jumamosi nikarudi, nikasema. Mbele ya wote walewale, maana niliposema uongo walikuwepo. Ampuli hazina kosa, nikasema, masi ilikuwa juu ya rangi, na aliyeikaza ni mimi, na nimelijua hilo tangu Alhamisi.

Mama Kavira akanigeukia. "Na uliacha mutu afunge sufuria zake, na batoto?" Akamwambia Bahati atandike godoro lake. Mimi hajanisemesha tangu siku hiyo. Chai amenipa, lakini ya baridi.

Halafu Bahati akatoa ufunguo wa kumi na tatu. Nilifikiri atanipa, kama kwenye mahubiri. Wapi! Alikwenda moja kwa moja kwenye taa, akafungua bolti yangu, akainama, akachungulia. Akageuka.

"Yaya. Umekwaruza mbiombio. Kwaruza mupaka uone sura yako."

Watu wakacheka. Kasereka alikaa chini kwa kucheka. Nilitaka ardhi ya Goma, hii ya volkano, ambayo inajua kufunguka, ifunguke. Lakini nikachukua msasa, Muzee. Nikakwaruza. Yeye amesimama nyuma yangu, kama ulivyokuwa unasimama nyuma yake. Nikakwaruza mpaka kwenye kile kiduara cha chuma, kikubwa kama kifungo cha koti, nikaona kitu kinasogea. Kilikuwa pua yangu. Akasema, "Sasa." Akakaza yeye.

Nilipima tena jana, kabla Kasereka hajaondoka. Sifuri na nukta moja.

Wivu haujaisha, nisikudanganye tena. Kila akitia ule ufunguo mfukoni, moyo unaruka. Lakini nakuahidi hili: kuanzia sasa, hakuna gari itakayotoka mikononi mwangu kabla Bahati hajafungua kazi yangu na kuchungulia, na yake nitaifungua mimi, kwa makelele, hata ikiwa safi. Hasa ikiwa safi.

Pumzika sasa, Papa. Chai yako inywe taratibu, huku tunakaguana.

Na ule ufunguo ningeutaka hata leo.

Mwanafunzi wako wa kwanza,
Kahindo