Sweta Lililoshonwa Pamoja na Gunia

Jumanne jioni

Kosa ni langu, sio la Joakimu, kijana wangu wa kushona magunia. Alitoka zamu kwenye mashine yangu ya kusaga unga saa sita usiku, nami nikamwita arudi saa kumi na mbili asubuhi.

Leo, huku akisinzia, ameshona gunia la unga pamoja na sweta lake. Alipogeuka aondoke, gunia likamvuta akaketi chini.

Bibi mmoja mteja akasema, "Mwanangu, nimenunua unga, sikununua mtu."

Tulicheka wote. Kisha nikaona sindano ilivyopita karibu na tumbo lake, kicheko kikaniishia.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Hapa harudi mtu tena kabla hajalala vya kutosha."

Zamu yake ya kesho nitaishika mwenyewe. Sijawahi kushona hata kifungo. Nimemwomba mke wangu asinicheke, ameanza kabla sijamaliza kusema.