Asubuhi ya Mtu Mbwa Mwitu

Jumapili. Manyunyu tangu adhuhuri, Temeke yote matope, na roho yangu nayo haijatulia.

Leo nina mawili ya kukiri. La kwanza ni dogo: mie mama mtu mzima, nisiyeruka swala, napenda filamu za watu wanaogeuka mbwa mwitu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeniambukiza. Siku hizi naziangalia na mdogo wake, shemeji Idrisa, anayekaa chumba cha uani, binti yangu Zuhura akiwa katikati yetu anakunja nguo. Tunachukua zile zilizotafsiriwa, ambazo dijei anaongea juu ya kila kitu. Mtu anaota manyoya, dijei anasema jamaa kapandisha mashetani ya kwao. Tunacheka mpaka basi.

Ila nyingi zinaniangusha. Mnyama anaonyeshwa mapema mno, katengenezwa na kompyuta, analia kama bati linaloburutwa, halafu kilichobaki ni kukimbizana na bunduki. Zuhura husinzia. Mie najiuliza tu, huyu mtu mama yake yuko wapi?

Ya leo ilikuwa nyingine. Mnyama tulimwona mgongo tu, akipita mlangoni. Kisha kukakucha, jamaa anazinduka kwenye majani, hana nguo, mdomo umejaa udongo. Kitu cha kwanza anauliza jana kamuumiza nani. Hata dijei alinyamaza.

Idrisa akasema taratibu, macho kwenye runinga, "Wanapoteza muda na manyoya, shemeji. Kazi yenyewe ni asubuhi."

Nikakosa pa kuangalia.

Maana Idrisa ana kifafa. Akianguka, watu wanaruka pembeni wakiogopa mate yake yasiwaguse. Akizinduka, swali lake ni lilelile: nimemuumiza mtu? Hajawahi. Anayeumia ni yeye, ulimi na paji la uso.

Sasa la pili, kubwa. Zuhura anaolewa Ijumaa. Baba yake hayupo, babu yake hayupo. Walii wake, wa kumwozesha, ni Idrisa, ndiye mkubwa kwa ndugu wa baba waliobaki. Alhamisi iliyopita kwenye kikao cha harusi, Hamisi, mdogo wao wa mwisho, akasema siku ya ndoa mwezi utakuwa mkubwa, na mwezi ukiwa mkubwa kifafa hupanda. Basi bora aozeshe yeye Hamisi, na Idrisa "asisumbuliwe", akapumzike kwa ndugu kule Kimbiji mpaka shughuli iishe. Neno la adabu kabisa. Idrisa alikuwa palepale, anamimina chai. Wote wakanitazama mie, mama wa binti.

Nikaitikia kwa kichwa.

Nikaitikia, wakati mie ndiye ninayempeleka kliniki, na nimemsikia daktari kwa masikio yangu akisema kinachomwangusha ni kuruka dozi, mwezi haumo. Niliogopa wakwe. Niliogopa mtu wa video atakayerekodi harusi. Mungu anisamehe.

Kwenye filamu kulikuwa na bibi mmoja, jirani. Wenzake wote walikwenda na bunduki, yeye akaenda na blanketi. Akamfunika yule jamaa, akakaa naye chini, hakuuliza kitu. Nadhani siri ya hizi filamu iko hapo. Ikiwa na mtu wa blanketi, unalia. Ikiwa na bunduki tupu, unasinzia.

Ilipoisha nikampigia Hamisi, palepale sebuleni, Idrisa anasikia. Nikamwambia nimebadili mawazo, anayeozesha ni Idrisa. Akauliza, je, akianguka mbele ya wakwe?

"Akianguka tutamlaza ubavu, tutasubiri azinduke, na ataendelea pale alipoishia," nikamjibu. "Wakwe nao watasubiri."

Hamisi akasema haya, shemeji, wewe ndiye mama.

Zuhura akaficha uso kwenye nguo alizokuwa anakunja. Idrisa alitoka, akarudi na glasi ya maji, akameza dawa yake ya jioni mbele yetu, wima, kama mtu anayekula kiapo.

Kesho naitoa ile kanzu nyeupe ya marehemu kabatini niipige pasi. Idrisa ni mrefu kuliko kaka yake. Itabidi nifumue pindo.