Nani Atakaa kwenye Kigari cha Ubavuni

CHAMA CHA USHIRIKA CHA WAKULIMA WA KARANGA, RODI KOPANY

Kumbukumbu za kikao cha kamati, stoo ya karanga, Jumapili tarehe 13 Machi 1966. Kikao kiliitwa saa nane mchana. Kilianza saa nane na dakika arobaini kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA
Mzee Jeremiah Ombui – Mwenyekiti
Bw. Cephas Okemwa – Meneja wa stoo, mteuliwa wa safari
Bw. Werema Gisiri – Mjumbe, fundi wa baiskeli; alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki wakati wa vita
Mama Leonida Akeyo – Mjumbe, Kosele
Bw. Zadock Abuto – Katibu

HAKUHUDHURIA
Bi. Priscah Bonareri alituma neno kwamba yuko matangani Mbita. Hakusema ni matanga ya nani.

KUMB. NA. 1/3/66: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala. Aliagiza watu waseme Kiswahili, ili Bw. Werema, ambaye ni Mkuria, asilalamike tena kwamba anasengenywa akiwa amekaa hapo hapo.

KUMB. NA. 2/3/66: BARUA KUTOKA DENMARK
Katibu alisoma barua ya chama rafiki cha Denmark. Kitampokea mjumbe wetu kwa wiki nane, Juni na Julai, azuru vyama vya wakulima kutoka kwao hadi Italia, na kitamwazima pikipiki. Picha tatu zililetwa ili kamati ichague moja. Chini kabisa yaliandikwa maneno haya: "Kuhusu swali lenu, pikipiki ya tatu ina nafasi ya mtu wa pili, naye pia tutampokea. Hata mtu mrefu ataenea."

Katibu alieleza kwamba hajaandika swali lolote kwa niaba ya chama. Pia bahasha ilimfikia ikiwa imefunguliwa. Bw. Cephas alijibu kwamba aliifungua yeye kwa sababu ina jina lake. Katibu aliitazama, akaona ni kweli.

KUMB. NA. 3/3/66: KUCHAGUA PIKIPIKI
Picha zilizungushwa. Mama Leonida aliona kwamba zote zimepigwa upande mmoja, na hata ng'ombe wa sokoni mtu humzunguka kwanza. Aliuliza, "Huo upande ingine wanaficha nini?"

Bw. Werema alisema ya kwanza ni skuta ya Kiitaliano, nzuri kwa kwenda posta. Magurudumu yake ni madogo na milimani itachoka. Ya pili ni ya Kiingereza, silinda moja. Ni nyepesi, na ukianguka unaiinua peke yako, lakini mnyororo wake unataka kukazwa kila mara, na wiki nane za kutikiswa si mchezo kwa mgongo. Ya tatu ni ya Kijerumani. Haina mnyororo, inasukumwa na shafti, tangi lake ni kubwa, na ubavuni imefungwa kigari cha kukalia mtu. Ni nzito na inakunywa petroli, tena ukifunga breki inavuta upande mmoja. Dereva itabidi ajifunze upya kukata kona.

Katibu aliuliza kwa nini kigari kiko kulia, upande wa magari yanayokuja. Bw. Werema alisema huko watu wote wanaendesha kulia. Katibu aliomba iandikwe kwamba barua haikutaja jambo hilo.

Mwenyekiti alitaka kujua ni ipi itakayovuka tope jeusi la njia ya Kosele mwezi wa Aprili ikiwa na magunia mawili. Bw. Cephas alisema Ulaya barabara ni za lami. Mwenyekiti alijibu kwamba hata ramani za hapa hazionyeshi tope. Bw. Werema akasema basi ni ya tatu, na wajumbe waliridhika.

KUMB. NA. 4/3/66: RAMANI YA BW. CEPHAS
Katibu aliuliza mtu anayesafiri peke yake anataka viti viwili vya nini. Bw. Cephas alisema ni kwa ajili ya mizigo. Katibu alimkumbusha kwamba ana koti moja, na kamati yote imelizoea.

Katibu alifungua ramani aliyoichora Bw. Cephas kwa penseli. Mstari wake umepindwa ukaingia Hamburg, ambako barua haitaji chama chochote cha wakulima. Aliulizwa mara mbili sababu yake, akaanza kuikunja ramani.

Katibu alieleza, ingawa wote wanajua, kwamba ndugu yake mwenyewe, Paul, alipanda meli Mombasa mwaka wa 1952 kama mtia makaa. Barua yake ya mwisho, ya 1957, ilitoka mji huo huo wa Hamburg. Mama yao angali anaosha kikombe cha Paul kila Jumapili. Katibu alisema hamwamini tena mtu yeyote anayetaka kupita huko, kwamba chama kitakosa meneja, na mke wa Bw. Cephas atabaki na kikombe cha kuosha.

Mama Leonida alisema, "Zadock nyathina, mwanangu, wewe huogopi huyu Cephas. Wewe unaogopa kupata habari ya Paul."

Katibu alikuwa anaandika.

KUMB. NA. 5/3/66: MTAZAMAJI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba tangu chama kianze hakuna anayepima karanga peke yake. Mmoja anashika mizani, wa pili anatazama. Hata Kisumu huenda wawili. Hivyo nafasi ya kigari ni ya mtazamaji, na mtazamaji siku zote ni yule anayemshuku mwenzake zaidi. Aliomba jina. Wajumbe walimgeukia Katibu.

Katibu alipinga. Bw. Cephas aliomba aseme, akasema kwamba mtu mrefu aliyemuulizia

(Kuanzia hapa naandika mimi, Cephas Okemwa. Mwenyekiti ameniruhusu. Katibu ameweka kalamu chini.)

Nilisema mtu mrefu niliyemuulizia Denmark ni Zadock. Bahasha ya ile barua ya mwisho ya Paul ina jina la mtaa wa huko Hamburg, lakini mimi simjui Paul kwa sura, na mtu hawezi kumtafuta ndugu ya mwenzake kwa kuelezwa tu. Sikusema mapema kwa sababu nilihofia mtakataa, halafu mama yao awe ametumaini bure. Kuandika barua kwa jina la chama bila ruhusa lilikuwa kosa langu. Mwenyekiti alinikemea.

Zadock aliuliza, "Na mama nitamwambia nini?"

Mama Leonida alisema, "Mwambie unaenda kuchunga Cephas asipotee. Hiyo ataamini."

Iliamuliwa kwa kauli moja: pikipiki ya tatu, watu wawili.

KUMB. NA. 6/3/66: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo kwa sala ya Mama Leonida. Nilitaka kufuta maneno ya Kumb. Na. 4 yanayonihusu. Zadock alikataa, akasema kilichosemwa kimesemwa.

Mwenyekiti: J. Ombui

Katibu: Nimesoma aliyoandika Bw. Cephas. Sina la kusahihisha. Z. Abuto