Mapigo Mawili ya Kumngoja Mama

Kimandolu, Arusha
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Mimi na wajukuu wako hatujambo, ni mafua tu ya huu upepo unaoshuka mlimani. Tangu masikio yako yalipoziba simu imekuwa kazi bure, kwa hiyo nimempa jirani yako Manase barua hii. Ameleta nyanya sokoni, na ameahidi ataiweka mfukoni, siyo kwenye tenga kama ile ya Krismasi.

Dhumuni la kuandika ni kukupa habari njema. Mtaala mpya umeleta muziki darasani. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Loishiye, aliingia ofisini akauliza nani anaujua muziki, na walimu wote tukatazama sakafu. Akanigeukia mimi: "Wewe si binti wa Mwalimu Sifaeli wa Kikwe, yule aliyefundisha kwaya miaka thelathini? Basi, somo ni lako." Nimepewa kazi kwa sababu ya baba aliyenizaa!

Nina watoto mia moja na ishirini, ngoma moja na boksi la chaki. Nawafundisha kusoma nota, do-re-mi, kama wewe ulivyofundisha usharikani. Wanashika haraka. Mwezi wa nne tutafungua madarasa mapya mbele ya mgeni rasmi, na mimi ndiye wa kuandaa wimbo.

Mwanao akupendaye,
Prisca


Kikwe
16 Februari 2025

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti halijapoa, lakini tumezoeana. Mahindi yamepata maji, zamu yetu ya mfereji ilikuwa Jumanne.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na leo baada ya ibada nimewasomea wazee wa kanisa bila kuombwa. Mzee Eliud alisema jambo refu kuhusu damu na ukoo. Sikumsikia, nikatikisa kichwa.

Kumbe umeanza na nota! Walimu wengi huwakaririsha watoto nyimbo kama kasuku, kisha wanaita hiyo kufundisha. Mtoto anayesoma nota anaweza kuimba wimbo wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Wewe hukunionyesha hata siku moja kwamba nota unazipenda, ulisimama tu pembeni ya mama yako na karatasi yako. Nilikudhania vibaya. Unisamehe.

Ndani ya kitambaa hiki kuna kile kichuma changu cha kupatia sauti, chenye umbo la uma. Mimi sasa nakisikia nikikibana kwenye meno tu. Sina kazi nacho. Hata mluzi niliokuwa nawaitia nyumbani mkichelewa mferejini, siku hizi naupiga bila kuusikia. Mbuzi wanaitika, kwa hiyo najua bado uko sawa. Wewe ulikuwa wa mwisho kuitika siku zote.

Kichuma usikigonge kwenye meza. Kigonge gotini.

Baba yako


Kimandolu
9 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni na jua la huko, nasikia nyanya zimeungua. Sisi tu wazima.

Kichuma kimefika. Sijui nikushukuruje. Nimekiweka kwenye droo ya ofisini, na kila nikiifungua nakiona.

Wimbo wa mgeni rasmi upo tayari, wenye sauti zote nne. Nimeutunga mwenyewe. Mwalimu Loishiye alifuta macho siku ya mazoezi, na yeye si mtu wa kulia.

Shughuli ni Ijumaa tarehe 11 Aprili. Baba, usijisumbue kuja. Vumbi ni jingi, viti ni vya wageni wa serikali, na kusema kweli hutasikia kitu. Nitakutumia picha.

Mwanao,
Prisca


Kimandolu
20 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na Pasaka njema. Hali yako? Goti je? Uliwezaje kusimama saa zote zile?

Nilikuona. Wimbo ulikuwa umekwisha, watu wanapiga makofi, mgeni rasmi ameuliza mtunzi ni nani. Mwalimu Loishiye akanitaja. Nikainuka, nikapunga mkono, na ndipo nikaliona koti lako la kahawia kule nyuma kwa wazazi. Nilipowafikia, Manase alikuwa peke yake, ameshika sahani mbili za pilau. Alisema umeondoka kwa miguu. Kwa nini hukunisubiri, baba?

Shughuli ilifana. Ofisi ya elimu imeniteua nifundishe walimu wenzangu wa jiji lote kuandika nota, semina ya siku tatu likizo ya mwezi wa sita. Naomba unikumbushe, kwa kifupi tu, jinsi ya kuziandika. Mambo ni mengi, nisije nikasahau kitu.

Mwanao,
Prisca


Kimandolu
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali na sipati jibu. Manase anasema barua uliipokea mkononi, ukaiweka kabatini bila kuifungua. Anasema huumwi.

Nijibu hata mstari mmoja.

Prisca


Kikwe
11 Mei 2025

Mwalimu Prisca,

Sijambo.

Nilikuja kwa sababu mtoto akitunga wimbo wa kwanza, baba hawezi kukaa nyumbani, awe kiziwi au asiwe. Nilitaka kuuona, maana kuusikia siwezi. Nilisimama nyuma na kutazama midomo ya watoto na mkono wako. Katika mstari wa tatu mkono wako ukasimama. Watoto mia moja na ishirini wakafumba midomo. Nikahesabu mapigo mawili. Kisha wakaendelea.

Kimya hicho nakijua. Nilikiandika mimi.

Mama yako alipougua kifua hakuacha kwaya. Alikuwa akifika katikati ya mstari pumzi inamwishia, na kwaya nzima ilijifunza kumngoja bila kuambiwa. Mapigo mawili, anapata hewa, tunaendelea. Alipofariki, nikaandika wimbo wake ndani ya siku tatu wakati jeneza linatengenezwa, na mahali pale nikaacha mapigo mawili, ili tumngoje mara ya mwisho. Uliimbwa kaburini mara moja, mwaka 2019. Nikaufungia sandukuni. Sikuwahi kumpa mtu.

Pale uwanjani nilimwomba mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aniandikie maneno mnayoimba. Karatasi yake nimeiambatisha. Sisi tuliimba, "Hanna pumzika," tukangoja, "kazi umeimaliza." Ninyi mmeimba, "Mgeni karibu," mkangoja, "madarasa yamekwisha."

Kwa hiyo watoto wale walikuwa wanamngoja nani, Mwalimu?

Kuhusu nota, sina la kukumbusha.

Sifaeli Mbise


Kimandolu
18 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia, lakini nimekuamkia.

Naona aibu. Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nne nilijikuta natafuta pa kujificha: kwamba muda ulikuwa mfupi, kwamba shule zote hubadilisha maneno ya nyimbo za kanisani akija mgeni, kwamba Mwalimu Loishiye alinitaja kabla sijafungua mdomo. Yote ni kweli na hayasaidii. Mimi ndiye niliyeinuka nikapunga mkono.

Acha nikwambie na lililo chini yake. Sijui kusoma nota. Sijawahi kujua. Miaka yote ile kwenye kwaya nilisimama karibu na mama, nikaidaka sauti ya pili kutoka kinywani mwake, na karatasi nilikuwa nimeishika tu kama wenzangu. Siku moja niliishika juu chini. Mama akanigeuzia taratibu, macho yakiwa kwako, wala hakukwambia. Nilipopewa somo, nilishindwa kusema kwamba binti wa Mwalimu Sifaeli ni mbumbumbu wa nota. Watoto nimewakaririsha kama kasuku, neno lako lenyewe. Kichwani mwangu kulikuwa na wimbo mmoja tu ambao nilizijua sauti zake zote nne, kwa sababu mliufanyia mazoezi sebuleni kwetu siku zile tatu, nami nilikuwa jikoni nikipikia waombolezaji.

Na kuna jambo ambalo ni baya kuliko hayo. Nilipochagua wimbo ule nilijiuliza, je, baba akija? Nikajijibu: hata akija hatasikia. Niliutegemea uziwi wako, baba. Niliufurahia. Jambo hili ndilo linaloniamsha usiku.

Mapigo mawili niliyaacha kwa sababu yanapendeza. Nilikuwa nimesahau sababu yake. Mimi niliyesimama karibu naye, niliyekuwa nasikia kifua chake kikikoroma, nilisahau.

Kichuma chako nakirudisha na Manase. Hakijawahi kugongwa. Nitasema ukweli shuleni.

Prisca


Kimandolu
22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini mavuno yanaendelea vizuri. Hujanijibu na sikudai. Nakuandikia kwa sababu niliahidi jambo, na unapaswa kujua kama nimelitimiza.

Nilianza na Mwalimu Loishiye. Akasema, "Sasa ofisi ya elimu nitaiambia nini?" Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Nilikwenda. Afisa aliniuliza kama naelewa kwamba jina langu limeshasambazwa shule zote. Nikasema naelewa. Akaandika kitu, akaniambia nimpishe anayefuata. Semina akapewa Mwalimu Catherine wa Sombetini, msichana wa miaka ishirini na sita.

Nami nimehudhuria semina hiyo, baba. Niliomba kuwa mwanafunzi, nikakaa mbele. Siku ya kwanza walimu walikuwa wananong'onezana nyuma yangu, "Si ndiye huyu mtunzi?" Masikio yalikuwa ya moto mpaka saa ya chai. Siku ya tatu niliweza kusoma mistari miwili ya kitoto, nikiifuata kwa kidole.

Kwa watoto ilikuwa ngumu zaidi. Siku ya mwisho kabla ya likizo niliwakusanya, nikawaambia wimbo si wangu, ni wa baba yangu, na aliutunga kwa ajili ya kumzika mama. Wengine walitazama miguu yao kana kwamba wao ndio wenye kosa. Simaloi wa darasa la tano, anayeongoza sauti ya kwanza, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo pale tunaponyamaza tulikuwa tunamngoja mama yako?"

Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungetuambia. Tungemngoja vizuri."

Nililia mbele ya darasa, baba. Sikutoka nje.

Hatutauimba tena mpaka utakaposema wewe. Na kama husemi, basi.

Prisca


Kikwe
29 Juni 2025

| s : m | s : m | l : s | m : – ||


Kimandolu
6 Julai 2025

Baba yangu mpendwa,

Manase alinipa bahasha yako, nikahisi kichuma ndani ya kitambaa hata kabla ya kuifungua. Nikatafuta barua. Nikageuza karatasi, nikaitikisa bahasha. Salamu hakuna, jina hakuna, ni huo mstari mmoja wa nota na mwandiko wako.

Nilitaka kumpelekea Mwalimu Catherine anisomee. Nikafika mpaka getini, nikarudi. Nikaona kwamba kama umeniandikia kwa nota, basi unataka nisome mimi.

Nimetumia siku mbili. Nilikigonga kichuma gotini, kama ulivyosema, nikaipata sauti, nikapanda na kushuka kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. So, mi. So, mi. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya kumi nilikuwa nimekaa uani nachambua mchicha, nikauimba mstari wote bila kusimama, nikauweka mchicha chini.

Ni mluzi wako. Ni ule wa kutuita nyumbani tukichelewa mferejini.

Nimekaa pale mpaka wajukuu wako wakaja kuuliza mboga iko wapi. Sikujua kama ningeitwa tena kwenye nyumba ile. Bado naona aibu, baba, na nitakuja nayo hivyo hivyo, sina pa kuiacha.

Ninakuja Jumamosi. Mlangoni hutanisikia nikibisha, kwa hiyo nimekuandikia mwitiko wangu hapa chini, ule niliokuwa naupiga nikiwa wa mwisho. Nimeuandika mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Nikikosea, chukua kalamu nyekundu unisahihishe.

| m : r | d : – ||

Shikamoo, baba.

Mwanao,
Prisca