Mama Alipojishusha

Ambodivanio, Antalaha
14 Novemba 1998

Mpendwa Mjomba Tombozafy,

Huko Mahajanga mnaamkaje? Mguu umepona, au bado unachechemea? Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu, ila mioyo haina raha hata kidogo.

Mvua imechelewa. Watoto wanakula wali wao na kulala.

Mjomba, tunafukuzwa. Meneja mpya wa shamba, yule mgeni, ametangaza kwamba nyumba zitabaki kwa wenye ujuzi peke yao: dereva, karani, fundi mitambo. Wanawake wanaoozesha maua ya vanila, wanaoyachavusha kwa kijiti ili yazae, ni vibarua, eti kazi yao ni ya mikono tu, watoke kabla ya Krismasi.

Wanawake wakamchagua Mama, dada yako, akawasemee. Umri wake wote ameozesha maua, na ua aliloligusa yeye halikosi kuzaa. Nani asiyejua? Akavaa shuka lake la sherehe, akasimama mbele ya meneja na mkalimani. Akaanza kama tunavyoanza sote tukisema mbele ya watu, kwa kujishusha: "Niwieni radhi, mimi ni mtoto mbele yenu. Sijui kitu, sina ujuzi wowote, sistahili kusimama hapa."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Meneja akainua mkono. "Basi, inatosha. Mwenyewe amekiri." Akaenda zake, na Mama hata hajafika kwenye maneno aliyotumwa.

Mkalimani ni mtu wa huku huku, desturi anaijua. Nilipomfuata akanijibu kwamba yeye ameajiriwa kutafsiri, si kufafanua. Nilitaka kumzaba kofi, nikakumbuka naye ana nyumba hapa shambani.

Naomba utupokee, hata kwa chumba kimoja. Sina pengine pa kukimbilia, na sioni haya kusema.

Lakini kinachoniua ni Mama. Unajua ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Lisipoozeshwa kabla ya adhuhuri limekwisha. Jana nimemkuta amekaa shambani, kijiti mkononi, maua yamefunguka tele, hayagusi. Nikamwambia, "Mama, jua linapanda." Akasema, "Mwanangu, labda yule bwana amesema kweli." Tukakaa pale, maua yakasinyaa yote.

Nisalimie mkeo Mama Soatody, na Beanjara, na mtoto mchanga ambaye bado hatujamwona. Mungu awafunike nyote.

Mama nimemwomba neno la kukutumia. Amesema hana.

Mpwa wako akupendaye,
Zafisoa